Gari Likigoma Porini: Mwongozo Kamili kwa Kundi Linalotoka Wikendi

Makundi mengi ya marafiki wanaoingia njia mbovu za porini hushindwa mahali pale pale. Gari moja linanasa au linachemka. Wote wanashuka, kila mtu na wazo lake. Kamba inafungwa popote mkono ulipofika, dereva anakanyaga mafuta mpaka klachi inanuka, mwingine ameshakimbilia kifuniko cha rejeta. Baada ya nusu saa tatizo dogo limezaa kubwa: bampa limeng'oka, betri imekwisha kwa kupigishwa stata, au mtu ameungua.

Hitilafu ya kwanza mara nyingi hutengenezeka papo hapo kwa vifaa vya kawaida. Inayoharibu safari ni ya pili, ile inayoletwa na haraka. Ndiyo maana hatua nyingi hapa chini zinaanza kwa kukutaka usimame.

## Vifaa vya kuandaa

Kila gari libebe vyake, kwa sababu gari lenye kifaa huenda ndilo lililo upande wa pili wa kilima:

- Tairi la akiba lenye upepo kamili, jeki, spana ya magurudumu, na kipande cha ubao mnene cha kuweka chini ya jeki
- Geji ya upepo
- Koleo la kuchimbia
- Maji ya kunywa lita 4 hadi 5 kwa kila mtu kwa siku, na lita 10 za gari peke yake
- Mafuta ya ziada. Kwenye mchanga na matope injini inaweza kunywa mara moja na nusu hadi mara mbili ya inavyokunywa barabarani
- Mtungi wa kuzimia moto, uwe karibu na dereva na si chini ya mizigo
- Tochi ya kichwani, glavu nene, sanduku la huduma ya kwanza

Vya kundi zima vikae kwenye gari la mwisho:

- Kamba ya kuvutia inayonyumbuka, na nyingine isiyonyumbuka
- Pete mbili au zaidi za chuma zenye pini, zilizochapwa uzito zinaoruhusiwa kubeba. Pete isiyo na maandishi ya uzito iacheni nyumbani
- Kompresa ya upepo, vifaa vya kuziba pancha
- Nyaya nene za jampa, za kuazima umeme wa betri ya gari jingine
- Mkanda wa feni, paipu za rejeta na klipu zake, fyuzi, oili, mafuta ya breki
- Seti ya spana na soketi, koleo za kubania, tepu ya umeme, tepu ya mpira inayojishika yenyewe, waya wa kufungia, gundi ya chuma

Mkanda na paipu hazifanani kati ya gari na gari. Nunua za gari lako, kwa namba yake, kisha zilinganishe kwa macho na zilizomo garini kabla ya kuziweka kwenye boksi.

## Hatua ya 1: Kagua gari siku tatu kabla

Asubuhi ya safari si wakati wa ukaguzi. Ukikuta paipu imepasuka wakati huo, utaamua kwamba "itafika", kwa sababu wenzako wanasubiri. Siku tatu kabla bado una muda wa kununua na kubadilisha.

Fungua boneti injini ikiwa baridi. Bonyeza paipu za rejeta: ngumu kupita kiasi, laini kama ulimi au yenye nyufa, badilisha. Geuza mkanda uangalie upande wa ndani. Tikisa vibanio vya betri kwa mkono, vikisogea, vikaze. Angalia oili, maji ya rejeta, mafuta ya breki. Ingia chini utafute unyevu mpya kwenye difu (boksi la gia kati ya magurudumu), gia boksi na nyuma ya magurudumu. Kaza nati za magurudumu, na ulipime upepo tairi la akiba, kwa maana ndilo husahauliwa.

Umefaulu ikiwa huna kitu hata kimoja unachokisemea "tutaona huko huko".

## Hatua ya 2: Pangeni kundi kabla ya kuondoka

Msiende na gari moja. Mawili ndiyo machache kabisa.

Mbele aende anayeijua njia. Mwisho aende mwenye mikono ya ufundi na vifaa vya pamoja, kwa sababu gari lililoharibika daima liko mbele yake, kamwe si nyuma. Dereva mgeni au gari dhaifu likae katikati.

Kanuni ya msafara iwe moja: kila dereva anamchunga aliye nyuma yake. Usipomwona kwenye kioo, punguza mwendo. Usipomwona bado, simama. Kwenye njia panda hakuna anayekata kona kabla ya kuhakikisha wa nyuma yake ameona anakoelekea. Hapa ndipo makundi hupoteana, na gari lililopotea peke yake likiharibika hakuna anayejua pa kulitafuta.

Mwachieni mtu nyumbani njia mtakayopita, idadi ya magari, na saa ya mwisho ambayo asipowasikia aanze kuita msaada. Simu porini haina uhakika wa mtandao, kwa hiyo ahadi hiyo ndiyo kinga yenu.

Mwisho, chagueni mapema mtu mmoja wa kutoa amri gari likinasuliwa. Mkichagua mkiwa kwenye tope, mtachagua mwenye sauti kubwa.

## Hatua ya 3: Toa upepo kabla ya kuhitaji

Tairi lililojaa upepo wa barabarani, psi (kipimo cha upepo kwenye geji) 30 hadi 35 kwa magari mengi, linagusa ardhi kwa eneo dogo na kuchimba. Ukipunguza upepo, tairi hurefuka chini, uzito husambaa, na gari linaelea juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Kwa mchanga laini shuka hadi psi 15 au 18. Kwa mawe na matope, 18 hadi 22 inatosha.

Tahadhari ni mbili. Chini ya psi 15 tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona kwa nguvu. Na tairi laini hupata joto haraka, kwa hiyo usizidishe kilomita 40 kwa saa.

Wengi hungoja mpaka wakwame ndipo watoe upepo. Toeni mlangoni mwa njia mbovu, magari yote, hata kama yule mwenye matairi mapana anasema hahitaji.

## Hatua ya 4: Gari likisimama, tumia dakika kumi za kwanza kuangalia

Gari likigoma, kwa sababu yoyote, fuateni mpangilio huu:

1. Simamisha msafara wote mahali pagumu. Magari ya msaada yasisogee karibu mpaka ardhi ipimwe kwa miguu.
2. Vuta breki ya mkono, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu.
3. Abiria washuke na wakae upande wa juu wa mteremko. Watoto wakae mbali na magari.
4. Sikiliza, nusa, tazama chini. Harufu tamu ni maji ya rejeta. Harufu ya mayai viza ni betri inayochajiwa kupita kiasi. Harufu ya kuungua baada ya kusukuma gari ni klachi. Harufu ya petroli ni amri ya kuzima kila kitu na kumwondoa kila mtu.
5. Muulize dereva swali moja: kilianza nini? Taa, mlio au mshale wa joto? Kilichotangulia ndicho chanzo, mengine ni matokeo.

Mtu mmoja ndiye aguse gari. Wawili wakitengeneza kwa wakati mmoja hamtajua ni lipi lililosaidia.

## Hatua ya 5: Kunasua gari lililokwama

Hapa ndipo watu huumia, hivyo soma sehemu hii mara mbili.

Acha kukanyaga mafuta. Gurudumu likizunguka mzunguko mmoja bila gari kusogea, ondoa mguu. Kila mzunguko unaofuata unachimba kaburi la ekseli, mhimili wa magurudumu.

Chimba kabla ya kuvuta. Toa udongo mbele ya magurudumu yote manne, si yale yanayozunguka tu, na chini ya tumbo la gari ikiwa chesisi (fremu ya gari) imekaa chini. Tengeneza mteremko mdogo wa gurudumu kupanda. Toa upepo zaidi kidogo. Weka mbao, mawe bapa au matawi makavu. Koleo na upepo vinatoa magari mengi kuliko kamba, ila vinadai jasho, na ndiyo sababu watu huviruka.

Jaribu kurudi ulikotoka. Njia uliyokuja nayo matairi yako yameshaishindilia. Mbele hujui kuna nini.

Ikishindikana, ndipo kamba. Funga kwenye ndoano ya kuvutia iliyofungwa kwa bolti kwenye chesisi. Usifunge kamwe kwenye kile kichwa cha mviringo cha kuvutia trela. Kimetengenezwa kuvuta, si kuvumilia mshtuko, na kikikatika kinaruka na kamba kwa kasi ya kuua. Usifunge pia kwenye bampa, ekseli, fimbo za usukani, wala kwenye vile vitanzi vyembamba vilivyowekwa kwa ajili ya kulifunga gari melini.

Pini ya pete ikaze mpaka mwisho kisha uirudishe robo mzunguko, isije ikagoma kufunguka baada ya kuvutwa. Usiunganishe kamba mbili kwa pete ya chuma katikati, kwa sababu kamba moja ikikatika pete hiyo inageuka risasi.

Tambua kamba uliyo nayo. Inayonyumbuka inaweza kulegezwa mita moja au mbili, gari la msaada likaondoka polepole, kamba ikajivuta na kulitoa la nyuma kwa nguvu tulivu. Isiyonyumbuka na mnyororo hunyooshwa kwanza mpaka zikaze, ndipo gari livute taratibu. Kuzikurupusha ni kuvunja chuma.

Tandika blanketi zito au begi lenye udongo katikati ya kamba. Ikikatika, uzito huo unaivuta chini. Watu wote wakae mbali kwa mara moja na nusu ya urefu wa kamba, pembeni, kamwe si kwenye mstari wake. Ndani ya magari wabaki madereva wawili tu. Hakuna anayeivuka kamba iliyokaza, hata kwa hatua moja.

Mtoa amri asimame anapoonekana na madereva wote wawili. Gari la msaada liingie gia ya taratibu yenye nguvu, lililokwama lisaidie kwa mafuta kidogo mara tu linapohisi kuvutwa. Amri ya kusimama inaweza kutolewa na mtu yeyote, ya kwenda na mmoja peke yake.

Mkivuta mara tatu bila mafanikio, acheni, rudini kwenye koleo. Dalili ya kufaulu ni kwamba gari linatoka kwa mwendo wa mtu anayetembea, bila kishindo.

## Hatua ya 6: Injini ikichemka

Mshale wa joto ukipanda juu ya kawaida, simama sasa, kabla haujafika mwekundu. Kilomita moja ya ziada ndiyo tofauti kati ya kubadilisha mkanda na kubadilisha silinda hedi, kichwa cha injini.

Ukiona mshale unapanda lakini maji hayamwagiki, zima kiyoyozi, washa hita ya ndani hadi mwisho na fungua madirisha. Hita ni rejeta ndogo inayotoa joto injini. Elekeza pua ya gari kwenye upepo na uiache injini ingurume polepole dakika mbili tatu. Mshale usiposhuka, au ukiona mvuke na maji chini, zima.

Usifungue kifuniko cha rejeta. Maji yaliyo ndani yana mgandamizo, na joto lake limepita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua, mgandamizo unatoka, maji yanachemka ghafla na kukurukia usoni pamoja na mvuke. Subiri angalau nusu saa, mpaka paipu ya juu ishikike kwa mkono mtupu bila kuunguza. Kisha funika kifuniko kwa kitambaa kinene, kizungushe kidogo, sikiliza pumzi itoke yote, ndipo umalizie.

Wakati mnangoja, tafuteni chanzo:

- Mbegu za nyasi na matope mbele ya rejeta. Ni sababu ya kawaida sana kwenye nyasi ndefu, na mafundi wa mjini huisahau. Safisha ukisukuma maji kutoka upande wa injini kuelekea mbele, taka zirudi zilikotoka.
- Mkanda umekatika. Kama taa ya betri iliwaka pamoja na mshale kupanda, anza hapo, kwani kwenye magari mengi mkanda huohuo huzungusha altaneta (inayochaji betri) na pampu ya maji.
- Paipu imepasuka. Ikauke kabisa, izungushie tepu ya mpira ukiivuta kwa nguvu, ongeza klipu pande zote mbili. Kisha funga kifuniko cha rejeta hatua ya kwanza tu ili mgandamizo usipande, na uendeshe taratibu ukiongeza maji mara kwa mara.
- Thamostati, vali inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto, imeganda ikiwa imefunga. Paipu moja ya rejeta ina moto, nyingine ni baridi ingawa injini imechemka. Itoe na urudishe kifuniko chake. Injini itachelewa kupata joto, lakini utafika.

Unapojaza, mimina maji kidogo kidogo injini ikiwa inanguruma. Maji baridi mengi kwa mpigo kwenye chuma cha moto yanaweza kukipasua.

Mkiona moshi mweupe wenye harufu tamu, mapovu yasiyokoma kwenye rejeta, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa, gasketi ya silinda hedi imeondoka. Gari hilo halitembei tena kwa injini yake. Nenda Hatua ya 10.

## Hatua ya 7: Gari lisipowaka

Washa taa za mbele na upige stata ukizitazama. Zikififia au ukasikia mlio mmoja wa "tak", tatizo ni betri au vibanio vyake. Sugua vibanio, vikaze, jaribu tena. Betri iliyojaa, ikipumzika, husoma karibu volti 12.6, ikishuka hadi 12 imekaribia kwisha.

Mpangilio wa nyaya za jampa hauna mjadala:

1. Nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa
2. Nyekundu ya upande wa pili kwenye chanya ya betri nzima
3. Nyeusi kwenye hasi ya betri nzima
4. Nyeusi ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri

Waya wa mwisho ndio unaotoa cheche, na betri hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka; hiyo ndiyo sababu ya kuuweka mbali. Acha gari zima lingurume dakika tano hadi kumi, kisha jaribu. Toa nyaya kwa mpangilio wa kinyume.

Kama stata inazunguka kwa nguvu lakini injini haishiki, usiendelee kuipiga. Sekunde kumi, pumziko la dakika moja, basi. Angalia fyuzi ya pampu ya mafuta, na uweke nyingine ya kiwango kilekile. Ya kiwango cha juu inaalika moto. Baadhi ya magari yana swichi inayokata mafuta gari likipata kishindo, hivyo baada ya kugonga jiwe itafute kwenye kitabu cha gari uibonyeze. Dizeli iliyoishiwa mafuta huwa imevuta hewa: bonyeza kwa mkono kitufe cha pampu kilicho juu ya filta mpaka kiwe kigumu, kisha piga stata.

## Hatua ya 8: Pancha

Legeza nati kabla ya kuinua, weka ubao chini ya jeki, na tairi la akiba lilaze chini ya chesisi ili jeki ikiteleza gari lisikudondokee. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki pekee. Kaza nati kwa kuruka, ya juu kisha ya chini mkabala, na uzikaze tena baada ya kilomita 50.

Shimo kwenye uso wa tairi linazibika kwa vile vipande vya mpira unaovisukuma kwa sindano. Usichomoe msumari mpaka mpira uwe tayari mkononi. Ubavu uliopasuka haupati dawa ya kudumu. Tumia la akiba.

## Hatua ya 9: Maji

Usivuke maji ambayo hujayatembea kwa miguu, na usiyatembee yakiwa na kasi au wanyama hatari. Magari mengi yasiyobadilishwa mwisho wake ni kina cha sentimita 50 hivi. Ngoja dakika kadhaa kabla ya kuingia: difu yenye moto ikizama ghafla inavuta maji ndani.

Injini ikizima katikati ya maji, usipige stata. Maji hayabanwi kama hewa; pistoni ikipanda na kuyakuta, konrodi, fimbo inayoisukuma pistoni, inapinda. Livuteni nje, angalieni filta ya hewa. Ikiwa kavu, kuna matumaini. Ikiwa imelowa, toa plagi zote, au plagi za joto kwa dizeli, zungusha injini kwa stata maji yatoke, kisha kagua oili kabla ya kurudishia.

## Hatua ya 10: Kuvuta, au kuacha gari

Si kila kitu kinatengenezwa porini. Propela ya nyuma (fimbo ndefu inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma) ikikatika, magari mengi yenye kuchagua fowili, yaani kuendeshwa na magurudumu yote manne, kwa mkono yanaweza kurudi kwa kuvutwa na magurudumu ya mbele: itoe propela yote, ingiza fowili, endesha polepole. Breki zikivuja, usiendeshe kabisa.

Gari linalovutwa liwe na ufunguo umewashwa usukani usijifunge. Injini ikiwa imezimwa usukani ni mzito, na breki huwa na msaada wa mara chache tu kabla ya kuwa ngumu. Gari la gia otomatiki linaweza kuunguza gia boksi likiburutwa umbali mrefu. Soma kitabu chake kwanza.

Saa mbili kabla ya giza, amueni. Kulala hapo mkiwa na maji na moto, au kuliacha gari na kuondoka wote kwa magari yaliyobaki, ni bora kuliko kuvuta usiku. Mkiliacha, andikeni mahali lilipo, chomoeni waya wa betri, na msimwache mtu peke yake kulilinda.

## Hatua ya 11: Kabla ya lami

Jazeni upepo hadi kiwango cha barabarani, kwa sababu tairi laini kwenye mwendo wa kasi hupasuka. Kung'uteni matope ndani ya rimu. Yakikauka upande mmoja usukani utatikisika na utadhani umevunja kitu. Kanyaga breki mara kadhaa kwa upole mpaka zikauke.

Kesho yake, gari likiwa baridi, legeza nati ya kukagulia difu. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na ibadilishwe kabla ya safari nyingine yoyote, hata ya kwenda sokoni.